Mistari Mitatu ya Mumbua

Makomredi,

Mmezoea kunisikia nikiwa nimesimama juu ya meza. Leo sijapanda juu ya kitu chochote. Karatasi hizi nimezibandika kwenye ubao wa matangazo, mahali tunapobandika miito yetu ya mapambano, lakini zenyewe si mwito wala si hotuba. Ni barua kwa Mumbua, binti wa kijijini Kola, aliyekuwa mwenzangu wa chumba kwa miaka mitatu, na ambaye alifariki katika machimbo ya mawe ya Lukenya wakati sisi wengine tulikuwa tumekwisha kurejea darasani. Wengi wenu mlimjua kwa jina tu, kwa sababu mimi ndimi niliyelitumia jina hilo kuwasimamisha kwa miguu. Isomeni kama mashahidi. Tangazo la mkutano liko mwishoni.

Mpendwa Mumbua,

Nianze na daftari, kwa kuwa ndicho kitu pekee ninachoweza kukieleza bila kukipamba. Ni lile la jalada gumu la buluu, ulilolinunua Machakos mjini tulipokuwa tunarudi chuoni kuanza mwaka wa pili. Juma lile mhadhiri wetu wa fasihi alitugawia kurasa mbili za fotokopi zenye mashairi mafupi ya Kijapani yaitwayo haiku: mistari mitatu tu, silabi tano, saba, tano, na ndani yake lazima msimu upite. Darasa lilicheka. Mimi nilinyosha mkono nikauliza, kwa sauti ile ya jukwaani, ni nani mwenye haki ya kuandika juu ya theluji na maua katika nchi ambayo watu wake hawajashiba. Nilipigiwa makofi. Wewe hukupiga. Ulikuwa ukigonga paja kwa vidole, na tulipotoka nje ukaniambia, "Swali lako lilikuwa refu sana, Spika. Mwingine angelimaliza kwa silabi kumi na saba, abakishe nafasi ya watu kufikiri."

Spika. Hilo jina ulinipa wewe, na nilidhani ni la heshima.

Sheria za daftari ulizitunga wewe pia. Kila shairi liwe na msimu, au mahali, au desturi ya kwetu, ama neno ambalo mwenzako halijui. Asiyelijua neno anaosha sufuria ya ugali. Niliosha sufuria muhula mzima. Nakumbuka la kwanza kabisa, uliloniwekea juu ya mto nikiwa nimetoka kwenye mkutano, sauti imenikauka:

Rasharasha tu:
nguo zaanuliwa
kwa minong'ono.

"Rasharasha ndiyo nini?" nikauliza.

"Ni mvua ambayo haijajiamini. Sufuria iko pale."

Nami nikajaribu siku iliyofuata. Nilijifungia, nikahesabu silabi kwa uaminifu wote, nikakuletea kazi yangu nikiwa na hakika kwamba nimeikomboa sanaa kutoka kwa mabwanyenye:

Enyi wanyonge,
vunjeni minyororo
leo, si kesho!

Uliisoma mara mbili. Ulikunja uso kama mtu anayetafuta mchanga kwenye mchele. "Silabi ziko sawa," ukasema. "Sasa niambie, hiyo minyororo inavunjwa wakati wa kiangazi ama wakati wa mvua?" Nilikasirika. Nilikwambia kwamba ukandamizaji hauna msimu. Ukasema, "Basi hiyo ni bango. Bandika nje, hapa ndani tunalala."

Ninaandika haya na ninajua yanachekesha. Ninakumbuka hata mahali ambapo nilicheka. Lakini sasa ni kama kusoma chini ya picha ya mtu maneno yanayoeleza kwamba mtu huyo anatabasamu. Tangu siku uliyokufa sijalia, Mumbua. Watu wananitazama wakingoja. Ninakula nikiwekewa chakula, ninalala nikiambiwa taa inazimwa, na mtu akiniuliza kama ninaendelea vizuri, ninajibu vizuri, kwa sababu hilo ndilo jibu la swali hilo.

Ulikuwa na mapenzi ya ajabu na maneno ambayo watu wameyaacha yalale. Wakati wa likizo ulizunguka na karatasi zilizokunjwa mfukoni ukiwauliza akina mama sokoni Kangundo wanaitaje hiki, wanaitaje kile, mpaka mmoja akakuuliza kama umetumwa na watu wa sensa. Ulipenda kwamba Kikamba kimeyafunga majira yote ya mvua za mwisho wa mwaka ndani ya silabi moja, nthwa. "Miezi miwili ya matope," ulisema, "na inapita mdomoni mara moja." Ukaandika:

Nthwa imefika.
Kumbikumbi na taa
wafunga ndoa.

Na thano, ule ukavu mrefu unaokuja baada ya mavuno, ukaupa mistari ambayo hata mimi, adui wa ufupi, niliikariri bila kutaka:

Thano. Hata mbwa
abisha hodi kwanza
kwenye kivuli.

Siku moja nilikuja kwenu Kola ukanipeleka kwenye mwethya. Mimi pia ni Mkamba, lakini wa Kangundo, wa baba karani na nyumba ya mawe, na mwethya nilikuwa nikiujua vitabuni: kazi ya umoja, misingi ya ujamaa, na kadhalika. Hapo nikaona wanawake wa kijiji wamejipanga kwenye mteremko, wanachimba mtaro wa kuzuia udongo katika shamba la mmoja wao, kesho wanahamia kwa mwingine, zamu kwa zamu hadi kila nyumba ifikiwe. Mama yako ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo. Aliimba majina ya waliochelewa, na mimi nilipoinua jembe kwa namna ya kuchekesha akaliingiza jina langu kwenye wimbo papo hapo, mlima mzima ukacheka. Jioni, tukila muthokoi wa mahindi na maharagwe, ukamsomea shairi kwa Kiswahili kisha ukamtafsiria:

Mwethya wa leo:
majembe thelathini,
jasho ni moja.

Mama akasema, "Thelathini na moja. Huyu wa Kangundo hukumhesabu?"

Ukamjibu, "Mwaitu, nimemhesabu. Lakini jembe lake lilikuwa linapiga hotuba."

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa. Nitaeleza moja baada ya jingine, kwa maana nikiliachia ulimi litakuwa hotuba.

Mgomo wetu wa wanafunzi ulipovunjwa, chuo kilifungwa kwa muda usiojulikana, na sisi tukarudishwa makwetu tukiripoti kwa chifu kila juma kama watu walioachiliwa kwa dhamana. Kisha zikaja fomu. Yeyote aliyetaka kurudi alipaswa kutia sahihi mbele ya chifu na mzazi, akikiri kwamba alishiriki fujo na kuahidi hatarudia. Mimi niliwakusanya wanafunzi wote wa pande zetu niliowafikia, tukawa tisa, katika darasa tupu la shule ya msingi huko Kola. Nilizungumza kwa muda mrefu. Niliwaambia kwamba sahihi moja ni ufa na ufa ni mwanzo wa kuanguka kwa ukuta. Nilipoona macho yao bado yanacheza, nilitafuta kitu kizito zaidi, nikakipata. Nilisema tuape. Na sikuishia kwenye neno la kisiasa la kuapa. Nilichukua maneno ya kithitu, kile kiapo cha wazee wetu ambacho watu wa Ukambani huogopa hata kukitaja. Nilisema, "Atakayetia sahihi, kiapo kimfuate yeye, na kimfuate mtu wa nyumbani kwake." Mkawa mnayarudia maneno yangu mmoja mmoja, nane wote, mimi nikiwa wa tisa.

Tulipokuwa tunatembea kurudi kwenu tulivuka mto. Ndipo ukauliza, "Yale maneno umeyatoa wapi?"

"Ni mtindo tu wa hotuba, Mumbua. Watu wanahitaji kitu cha kushika."

"Watu wetu hawana mtindo kama huo," ukasema. "Yale ukiyasema, umeyasema."

Nikakucheka. Nilikuita mateka wa ushirikina, nikakupa somo juu ya fikra za kimaada njia nzima. Usiku ule, nadhani, ndipo ulipoandika lile la mwisho daftarini:

Kiapo chetu:
vinywa tisa, ulimi
ni mmoja tu.

Niliposoma nilidhani unausifu umoja wetu. Nilikuambia hatimaye umeandika kitu chenye msimamo. Ulimi ule ulikuwa wangu, Mumbua. Imenichukua muda huu wote kuusoma mstari wa silabi saba.

Ulikwenda kukaa kwa shangazi yako Athi River, ukaanza kuponda kokoto Lukenya ili usiwe mzigo kwa mama wakati tunangoja. Nilikuja kukutembelea mara moja. Ulikuwa umeketi katikati ya akina mama, nailoni imetandazwa juu ya vijiti kuwakinga jua, nyundo mkononi, na jiwe umelishika kwa kipete cha raba ya tairi ili vidole visipondwe. Kila ukipumzika unagonga paja.

"Huyu wa chuo anahesabu nini na vidole?" mama aliyekaa karibu nawe akaniuliza. "Hapa tunahesabu madebe."

"Ninahesabu maneno, mama," ukasema.

"Na yanaenda debe ngapi?"

"Mpaka sasa hayajajaza kikombe."

Walicheka wote hadi nyundo zikasimama. Kisha ukawasomea uliyoyapata asubuhi ile:

Jua Lukenya:
nyundo yafunza jiwe
kuwa kokoto.

Yule mama akatikisa kichwa akasema, "Hiyo ni kweli lakini jiwe halisikii vizuri," akaendelea kuponda.

Juma la tatu baada ya hapo nilitia sahihi.

Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitishia. Baba alikuwa ameshavaa suti yake ya kanisani nilipoamka, akaniambia, "Twende tumalize hii kitu. Mama yako hajala tangu jana." Ofisini chifu hakuinua hata kichwa. "Hapo chini, msichana. Majina yote matatu." Kalamu haikuandika mara ya kwanza, ikabidi aniazime nyingine. Nilishukuru kwa kuazimwa kalamu. Hayo ndiyo yote yaliyotokea. Nimetafuta ndani yake ukubwa wowote unaoweza kunitetea, sijauona.

Chuo kilipofunguliwa nilirudi. Makomredi walinibeba mabegani, wakauliza nimerudije bila kusema wao walirudije, nami nikasema utawala umesalimu amri, umeturudisha wachache bila masharti. Ninyi mnaosoma hapa, mlinishangilia. Wengine katika wale tisa walitia sahihi pia, kila mmoja kivyake, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Ukabaki wewe. Ukaniandikia, barua fupi kama kawaida yako: "Nasikia wengine wamerudi. Wewe ulirudije? Kama watu wametia sahihi niambie, nami niende kwa chifu, maana kiapo cha watu tisa hakiwezi kushikwa na mmoja."

Nilikujibu. Nakala sina, ila kila neno ninalo. Nilikuambia kwamba hakuna ninayemjua aliyetia sahihi. Nikakuambia ushikilie, kwamba nawe utaitwa bila fomu kama nilivyoitwa mimi.

Ukashikilia. Mvua za El Nino zilikuja, zikanyesha Lukenya kama mahali pengine pote, mawe yakalegea kwenye udongo wake, na asubuhi moja, ulipokwenda chini ya ukuta wa machimbo kuchukua mawe ya kuponda, ukuta uliporomoka. Nilipewa habari nikiwa ukumbi wa chakula. Nilimaliza kula. Nilirudisha sahani mahali pake.

Na jioni ya pili yake, Mumbua, nilipanda juu ya meza. Nilikuita nguzo. Nilisema, "Mumbua hakutia sahihi!" na watu mia kadhaa wakalirudia jina lako kwa ngumi zilizoinuliwa. Hotuba ilikuwa nzuri. Sijui niseme nini kingine kuihusu. Ilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa nikiisikia kana kwamba inatoka kwenye redio ya jirani.

Yangeishia hapo, pengine ningeendelea kunyamaza. Watu huishi na mambo makubwa kuliko haya, na wanazeeka. Lakini siku ya mazishi mmoja wa wale tisa, kwa nia njema kabisa, alitaka kumfariji shangazi yako. Akamwambia kwamba ulikuwa mtu wa msimamo, kwamba ulikuwa umekula kiapo. Maneno yakatoka kwa shangazi, yakapita jikoni, yakafika kwa wanawake waliokuwa wakipakua chakula. Kwetu mtu akiapa kwa maneno yale kisha akafa kijana, chini ya jiwe, hakuna anayeuliza swali la pili. Alivunja. Ndivyo walivyoelewa, na nyumba ya aliyevunja haiingiwi. Mtu wa mbali angesikia sifa, wao wakasikia hukumu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga kwa kuelewa hivyo. Mimi ndimi niliyeyaazima maneno yale bila kuuliza yanafanya kazi gani mahali yalipokuwa.

Nilikwenda kwa mama yako mwezi mmoja baadaye kumpelekea daftari. Ilikuwa mchana. Nilijua kitu kimeharibika kabla sijaingia, kwa kuwa njia ya kwenda kwao ilikuwa imeota majani. Mitaro yake ilikuwa imebomolewa na mvua, udongo mwekundu umeshuka hadi kwenye mahindi ya chini, na zamu ya mwethya kuja kwake ilikuwa imepita majuma mawili. Waliofika walikuwa wawili, wote ndugu zake wa damu. Nyimbo sasa anaziongoza mwingine. Alinikaribisha, akanipa chai, akatazama kama nitainywa. Nilipoinywa alishusha mabega, nami nikafahamu kwamba nilikuwa wa kwanza kwa muda mrefu.

"Hili ni la hesabu?" akauliza akilipapasa lile daftari.

"Ni mashairi yake, Mwaitu."

"Nisomee lile la shamba."

Nikamsomea lile la mwethya, kwa Kikamba, vibaya. Alisikiliza akitazama nje, kule mteremkoni.

"Sasa hayo majembe yako wapi?" akasema. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anauliza.

Kisha akanigeukia. "Wewe ulikuwa unalala naye chumba kimoja. Niambie ukweli, mwanangu. Mumbua alivunja nini?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu, Mumbua. Hapakuwa na umati, hapakuwa na polisi, hapakuwa na kipaza sauti. Alikuwepo mwanamke mmoja aliyekuwa akiomba sentensi moja. Ningesema: hakuvunja, nilivunja mimi. Nimehesabu baadaye kwa vidole kama wewe: silabi kumi tu. Mimi ambaye nimeweza kusema kwa saa mbili bila karatasi nilimtazama nikasema, "Sijui, Mwaitu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniongezea chai.

Tangu mchana ule ninafanya mambo yote kwa utaratibu. Ninahudhuria mihadhara. Ninaandika taarifa za chama cha wanafunzi. Watu husema nimekomaa, nimetulia, majonzi yamenipa busara. Si majonzi. Ni kama mkono uliolaliwa: unauona, unajua ni wako, unaugusa na hauripoti kitu. Nilidhani nikingoja utazinduka wenyewe, damu itarudi, nitalia kwanza kisha nitakiri nikiwa ninalia, na kukiri kwangu kutapokewa kwa huruma. Nimengoja vya kutosha. Huenda machozi hayaji. Mama yako hawezi kukaa bila majirani hadi mimi nipate hisia zinazofaa.

Siamini kithitu. Nakuandikia kwa ukweli kwa sababu ungetaka kujua. Siamini kwamba maneno yangu yaliangusha ukuta ule, najua mvua inafanya nini kwenye udongo, nimesoma. Lakini sihitaji kuamini ili kujua kwamba ungekuwa darasani asubuhi ile kama ningekujibu barua yako kwa ukweli. Hiyo haihitaji mizimu. Inahitaji stempu moja ya posta.

Kwa hiyo nimetuma ujumbe kwa wanawake wa mwethya wa Kola, kupitia yule anayeongoza nyimbo sasa. Nilimwomba nafasi ya kusema mbele yao, katika shamba la mama yako. Jibu lilirudi na swali: huyo msichana ni nani wa kutuita? Nikapeleka jibu kwamba ndiye aliyetunga kiapo, ndiye aliyekivunja, na Mumbua hakuvunja kitu. Siku nne zilipita. Kisha wakasema watakuja, lakini hawataingia shambani. Watasimama barabarani, wasikie kwanza, waamue baadaye.

Nyumbani nimeshasema. Baba alisema nitaiharibu nyumba yetu kwa jambo lililokwisha, kwani baada ya siku hiyo nyumba ya kupitwa na watu itakuwa ya kwetu. Mama aliuliza tu kama nitakuwa na kitu cha kuvaa miguuni, maana kule kuna matope.

Daftari lako lina kurasa nyingi tupu. Sitaandika humo. Nimemwachia mama yako, na amelifunga kwa kitambaa akaliweka na vyeti vyako vya shule. Kwaheri, Mumbua. Ulinifundisha kwamba maneno machache yanabeba, nami nikayatumia mengi ili yasibebe. Sikuombi msamaha hapa, kwa kuwa hapa huwezi kuninyima.

Makomredi, tangazo lenyewe ni hili. Uongozi wa chama nimeukabidhi leo asubuhi. Barua ya kujiuzulu iko kwa katibu. Mkutano unaofuata hautakuwa hapa chuoni. Ijumaa alasiri nitakuwa kwa Mama Mumbua, peke yangu, nimwambie yeye ana kwa ana kabla sijasema mbele ya watu. Anaweza kunifukuza, na akinifukuza nitalala kanisani. Jumamosi nitasimama kwenye barabara ya juu ya shamba lake, Kola, mbele ya wanawake wale. Ninyi saba mlioapa siku ile na kutia sahihi kama mimi mnajijua. Sitawataja, lakini nafasi ya kusimama ipo. Wengine mnaotaka kuja, njooni na chakula chenu, msiimbe, na nikimaliza msipige makofi. Nitaanza kusema saa moja kamili asubuhi, kabla jua halijapanda, ili atakayeamua kuondoka aondoke mapema, na atakayeamua kuingia shambani apate siku nzima ya kazi.

Mwenzako wa chumba.